Neno, Mshale na Joka: Ulimwengu wa Kale na Ulimwengu Mpya katika Mfululizo wa The Elder Scrolls

Utangulizi

Mhadhara wa taaluma za Kiswahili unaohusu mchezo wa kompyuta hauna budi kuanza kwa kujieleza. Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama zimekwisha tendi zisizohaririwa na lahaja zisizoandikiwa sarufi. Hazijakwisha. Hata hivyo, wengi wa vijana wanaoketi leo katika madarasa ya isimu na fasihi wamewahi kusafiri katika nchi za kubuni ambazo walimu wao hawazijui hata kwa jina, na baadhi yao wamekaa humo saa nyingi kuliko walizokaa Kusadikika. Nchi hizo zina historia, dini, vitabu, matusi na lugha. Taaluma inayodai kuchunguza jinsi maneno yanavyojenga ulimwengu haiwezi kupita mlangoni pake bila kubisha hodi.

Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi ile ielekeayo angani aliijenga kwa maneno matupu. Karama anasimama mbele ya mfalme na madiwani, anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, na msomaji anaziona pande zote hizo kwa masikio. Hakuna ramani wala picha inayomwonyesha njia. Swali la mhadhara huu linatokana na hali hiyo: neno hubakiwa na kazi gani katika ulimwengu wa kubuni ambamo macho yanaweza kuona kila kitu?

Mfano uliochaguliwa ni mfululizo wa The Elder Scrolls, yaani Magombo ya Kale, unaotayarishwa na kampuni ya Bethesda ya jimbo la Maryland, Marekani. Michezo yake mikuu ni Arena (1994), Daggerfall (1996), Morrowind (2002), Oblivion (2006) na Skyrim (2011). Mwaka 2014 uliongezwa mchezo wa kuchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Yote imewekwa katika bara moja la kubuni liitwalo Tamriel, na kila mchezo hufungua jimbo moja au zaidi la bara hilo. Mfululizo huu unafaa kwa ulinganishi kwa sababu bara ni lilelile, koo ni zilezile, miungu ni ileile, lakini namna ya kulijua bara hilo imebadilika sana. Mpaka kati ya ulimwengu wa kale na ulimwengu mpya unaweza kuchorwa kati ya 2002 na 2006, na mpaka huo ni wa lugha kabla ya kuwa wa picha.

Adabu na lugha ya mtaani

Katika Daggerfall mchezaji huanza kwa kumjenga mhusika wake kwa stadi mbalimbali: upanga, uchawi, kupanda kuta, uganga. Miongoni mwa stadi hizo zimo mbili zinazomhusu mwanaisimujamii moja kwa moja. Ya kwanza ni ujuzi wa adabu za wakubwa, na ya pili ni ujuzi wa lugha ya mtaani. Anayemwendea mtemi kwa lugha ya kijiweni hujibiwa kwa dharau. Anayemwendea mchuuzi kwa lugha ya ikulu hachukuliwi kuwa mwenzake. Tena kila swali linaweza kuulizwa kwa namna tatu: ya unyenyekevu, ya kawaida, na ya kukata bila kuzunguka. Yaani rejesta, dhana inayofundishwa chuoni kwa majedwali na istilahi, hapa ilikuwa chombo cha safari. Mwenye kuikosa alilala njaa ya habari.

Isitoshe, mchezo huo uliweka lugha tisa za viumbe visivyo binadamu kuwa stadi za kujifunza, zikiwamo lugha ya majitu, ya majoka na ya viumbe vilivyo nusu mtu na nusu farasi. Aliyeijua lugha ya kiumbe aliweza kupita mbele yake bila kushambuliwa. Wazo hilo ni zuri kuliko utekelezaji wake, kwa maana lugha zenyewe hazikusikika wala kuandikwa. Zilikuwa tarakimu tu zilizopanda kadiri zilivyotumiwa. Watayarishaji walitangaza miji, vijiji na mapango yapatayo 15,000, na yote hayo yalizalishwa kwa kanuni za kompyuta. Matokeo yake ni kwamba watu wa vijiji mia walisema maneno yaleyale, kama kasuku waliolelewa katika tundu moja. Daggerfall ilijua kwamba usemaji una matabaka, lakini haikuwa na wasemaji.

Kuelekezana njia

Wasemaji walipatikana mwaka 2002. Morrowind iliacha upana ikachagua kina: badala ya maelfu ya vijiji, kisiwa kimoja kiitwacho Vvardenfell, chenye majivu ya volkano, uyoga mrefu kama minazi, na mji wa mungu aliye hai. Mchezaji hushushwa na meli ya wafungwa katika bandari ndogo ya Seyda Neen, hupewa bahasha, na huambiwa aipeleke Balmora. Hapo ndipo kazi ya neno inapoanza.

Mchezo huo hauna alama inayomwonyesha mchezaji aendako. Akitaka kufika, sharti aulize. Mazungumzo karibu yote yameandikwa, na maneno maalumu yamepakwa rangi ili yaweze kuulizwa tena: jina la mtu likitajwa, mchezaji anaweza kumuuliza mwingine juu ya jina hilo. Mtu humwambia afuate barabara ya kaskazini mpaka darajani, asivuke, aandamane na mto hadi penye jabali lililopasuka, kisha atazame upande wa mashariki. Mchezaji huyasoma maneno hayo, huyasoma tena akiwa njiani, hupotea, hurudi. Daftari la safari huyaandika kwa mpangilio wa siku, bila kutenga jambo hili na lile. Upungufu huo ulilalamikiwa mno hata nyongeza ya kwanza ya mchezo, iliyotoka mwaka huohuo, ikaleta njia ya kuyapanga kwa shughuli.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ni nadra kuona tanzu ya maelekezo ya njia ikipewa uzito wa namna hii katika kazi ya kubuni. Kuelekeza njia ni tendo la usemi lenye masharti magumu. Mwelekezaji hana budi kujiweka katika miguu ya anayeelekezwa, achague alama ambazo mgeni atazitambua, na aamue kama atatumia pande za dunia au pande za mwili. Mkulima hutaja mto, kuhani hutaja kaburi la wahenga, mchimba madini hutaja mdomo wa mgodi. Hivyo maelekezo huwa picha ya mwelekezaji mwenyewe. Na baadhi ya maelekezo katika Morrowind ni mabovu: kushoto kumetajwa ambapo ni kulia, umbali umefupishwa. Pengine ni makosa ya waandishi waliochoka. Lakini mchezaji hakujua, na alipopotea alimlaumu mzee wa kijiji, kama ambavyo wasafiri wamekuwa wakiwalaumu wazee wa vijiji tangu vijiji vilipokuwapo.

Kiswahili kingekuwa na la kusema hapa. Sentensi fupi ya kusema kwamba kuna pango nyuma ya kilima haitafsiriki mpaka mfasiri ajue msemaji anapajua mahali hapo kwa kiasi gani. Pana pango, kuna pango, mna pango: ngeli tatu za mahali zinatenganisha anayeona kwa macho ya kumbukumbu sehemu mahususi, anayejua eneo kwa jumla, na anayejua ndani ya kitu. Halikadhalika hapo, huko na humo, pale, kule na mle. Mwandishi wa Kiswahili angelazimishwa na sarufi yake kuamua jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza aliliacha bila kuamuliwa. Hata majina ya pande yangekuja na hewa yake, kwa kuwa kaskazini na kusini ni maneno yaliyozaliwa na pepo za kaskazi na kusi, na mtu wa pwani anayeyasema anataja majira pamoja na upande.

Kilele cha jambo hili ni pango analopaswa kuliingia mhusika mkuu ili ithibitike kama yeye ndiye shujaa aliyetabiriwa. Sul-Matuul, mkuu wa kabila la wahamaji wa Urshilaku, hamwambii lilipo. Humpa fumbo. Mchezaji hulipeleka fumbo hilo kwa watu wa kambini, akaambiwa na huyu maana ya neno moja na yule maana ya jingine, mpaka ajue kwamba bonde limepita kati ya majabali yanayoitwa Meno ya Airan na kwamba mlango hufunguka alfajiri na machweo tu. Anayefika mapema hukaa chini akasubiri. Yeyote aliyekulia katika vitendawili ataitambua kanuni hiyo: jibu halimo katika fumbo, limo katika jamii iliyolihifadhi, na asiyetoa mji hapewi jibu.

Hali ni hiyohiyo katika historia ya kisiwa. Nerevar, jemadari wa kale, alikufaje? Hekalu husema alikufa kwa majeraha ya vita. Wahamaji husema aliuawa na washauri wake watatu, ambao ndio miungu inayoabudiwa hekaluni. Mmoja wa miungu hao, Vivec, akikutana na mchezaji humpa kauli yake mwenyewe. Vitabu vilivyotawanywa katika maktaba za kisiwa vinapingana, na mchezo haukati shauri. Wanafunzi wa visa vya Fumo Liyongo, ambaye huwekwa na wataalamu katika karne zilizopishana sana, na ambaye ametungiwa habari zisizolingana tangu kabla ya utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, hawataona ugeni. Ulimwengu wenye riwaya moja tu ya mambo yake hunuka rangi mbichi.

Sauti na mshale

Oblivion, mwaka 2006, ilileta mambo mawili kwa wakati mmoja. Wakazi wote walipewa sauti, na kwenye dira ya mchezaji uliwekwa mshale unaoonyesha aendako. Mambo hayo hutajwa kama maendeleo mawili tofauti, lakini kwa hakika ni jambo moja. Neno lililoandikwa ni rahisi kuongeza na rahisi kufuta. Neno lililotamkwa linahitaji mwigizaji, studio, nafasi katika diski, na kurekodiwa upya katika kila lugha ya soko. Haiwezekani kumlipa mwigizaji asimulie mto na jabali kwa kila pango. Mshale ulikuja kufanya kazi ambayo sauti iliifanya iwe ghali.

Patrick Stewart alimtamkia mfalme mzee anayeuawa mwanzoni mwa mchezo, na Sean Bean akamtamkia mwanawe wa siri. Lakini wakazi wa kawaida waligawana waigizaji wachache, hata ombaomba na mlinzi wakawa na koo moja. Wakazi hao walipewa uwezo wa kusalimiana wenyewe kwa wenyewe barabarani, na mazungumzo yao juu ya kaa wa matopeni yamebaki kichekesho mpaka leo. Toleo lililorembwa upya mwaka 2025 liliongeza sauti ili kuzitofautisha koo, lakini kaa wa matopeni walibaki kuwa habari ya mjini.

Haifai kuharakisha hukumu. Wapo wanaosema kwamba ulimwengu mpya ni uvivu mtupu, na kauli hiyo haiwatendei haki watu wengi. Mchezaji wa Dodoma au Kisumu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu huenda aliyaona maandishi marefu ya Morrowind kama mtihani, na sauti zikamfungulia mlango. Lafudhi nazo zilileta maarifa ambayo maandishi hayayawezi. Aidha, idadi ya maneno haikupungua: Skyrim ilitangazwa kuwa na mistari zaidi ya 60,000 ya mazungumzo na waigizaji zaidi ya 70. Kilichobadilika ni kazi ya maneno hayo. Zamani mchezaji aliyapuuza akapotea. Sasa anaweza kuyaruka yote kwa kidole na akafika salama. Huambiwa kwamba asiyeutaka mshale anaweza kuuzima. Ni kweli, lakini akishauzima hubaki na wanakijiji wasioweza kumwelekeza, kwa maana maneno yao yaliandikwa na watu waliojua kwamba mshale upo. Mwanakijiji husema nenda ukaniletee upanga wa babu, na hasemi upo wapi.

Neno kama silaha

Hapa ndipo Skyrim inapoonyesha kioja chake. Mchezo uliowanyang'anya wanakijiji kazi ya kusema ndio uliolifanya neno kuwa kiini cha hadithi. Jimbo hili la kaskazini, lenye theluji na milima, limevamiwa na majoka ambayo moto wayatemao ni usemi: wanapopigana wanajadiliana. Shujaa ni mwanadamu mwenye kipawa cha kuyamiliki maneno hayo, na kila tamko la nguvu lina maneno matatu yanayojifunzwa moja moja. Tamko linalojulikana kuliko yote, Fus Ro Dah, maana yake ni nguvu, mizani, kusukuma.

Lugha hiyo ilibuniwa na Emil Pagliarulo, na hati yake ikachorwa na Adam Adamowicz, msanii aliyefariki mwaka 2012, miezi michache baada ya mchezo kutoka. Hati ina alama 34 zenye umbo la mikwaruzo ya kucha, na baadhi ya alama husimamia jozi za herufi. Majina ya majoka ni ya maneno matatu yaliyounganishwa: Alduin ni mharibu, mla, bwana, Odahviing ni theluji, mwindaji, bawa. Kumwita joka kwa jina lake ni kumtolea changamoto, naye huja. Kwa mizani ya isimu, lugha yenyewe ni hafifu: ni msamiati mpya uliovikwa mifupa ya sentensi za Kiingereza, na haiwezi kuwekwa kando ya lugha za Tolkien, ambazo zilipewa historia ya sauti zake kabla ya kupewa wasemaji. Lakini imetumiwa kwa akili.

Mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni kuta za mawe ambako mchezaji hujifunza maneno. Ukuta mzima umechongwa maandishi ya kweli, ambayo mengi ni kumbukumbu za marehemu: fulani alianguka hapa, fulani alimsaliti nduguye. Katika maandishi hayo neno moja tu hung'aa, na mchezaji akilikaribia humwingia. Wengi hulichukua neno wakaondoka. Maandishi mengine yanasomeka kwa yeyote aliyejifunza hati, na hayampi nguvu wala fedha. Yanampa habari za wafu. Ndiyo masalio ya Morrowind ndani ya Skyrim, na yamefichwa mbele ya macho.

Mfano wa pili ni tamko la Joor Zah Frul: mwenye kufa, chenye kikomo, cha kupita. Lilitungwa na wanadamu, si na majoka, ili kumwangusha joka kutoka angani. Joka halifi kwa uzee. Dhana ya kikomo haimo katika fikra zake, na anapolazimishwa kuifikiri, mabawa humshinda. Paarthurnax, joka mzee anayemfundisha shujaa, hukiri kwamba hawezi kulijua tamko hilo. Wanaisimu wamebishana tangu enzi za Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf kama lugha huweka mipaka ya fikra. Waandishi wa mchezo huu walichukua upande mmoja wa ubishi huo, wakaufanya kuwa mshale wa sumu.

Kisiwa kilekile mara mbili

Ulinganishi unakuwa wa haki zaidi pale mahali pamoja panapotembelewa katika zama zote mbili. Vvardenfell ilirudi mwaka 2017 katika mchezo wa mtandaoni, ikiwa imerudishwa nyuma miaka 700 hivi, na Seyda Neen ipo. Lakini mishale nayo ipo, na kisiwa ambacho watu walikijifunza kwa kupotea sasa hupitiwa kama uwanja wa maonyesho. Kuhusu hilo yametosha.

Kisiwa cha Solstheim kina mengi zaidi. Kilionekana kwanza katika nyongeza ya Morrowind ya mwaka 2003, kikarudi katika nyongeza ya Skyrim ya mwaka 2012, ambamo imepita miaka 200 na mlima mkubwa wa Vvardenfell umelipuka. Raven Rock, ambayo mchezaji wa 2003 aliisaidia kuanzishwa kama kambi ya machimbo, mchezaji wa 2012 huikuta imekuwa mji wa wakimbizi uliofunikwa na majivu, na mgodi umefungwa kwa kudaiwa kuwa umekwisha. Mchezaji aliyecheza yote mawili huijua historia ya mji kuliko wenyeji wake. Picha mpya haiwezi kumpa mtu hali hiyo; inatokana na kumbukumbu.

Juu zaidi, kaskazini, wapo Waskaal, jamii ndogo isiyo na maktaba. Maarifa yao, ya jinsi ya kusema na upepo na kuisikiliza ardhi, hupokezanwa kwa mdomo kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine. Hermaeus Mora, mungu wa maarifa anayeishi katika vitabu vyeusi, ameyataka maarifa hayo kwa karne nyingi kwa sababu ndiyo ambayo hana. Shujaa anahitaji msaada wa mungu huyo ili amshinde adui, na bei ni siri za Waskaal. Mganga wao, Storn, hukubali. Hufungua kitabu cheusi, na mungu huyo humuua akiyachukua yote. Frea, bintiye, hurithi uganga, na kijiji huendelea.

Kisa hiki hakikuandikwa kwa ajili ya watafiti wa fasihi simulizi, lakini hawataweza kukisoma bila kutikisika. Anayekwenda kijijini na kinasa sauti huamini kwamba anaokoa. Aghalabu anaokoa kweli. Lakini mchezo umeliuliza swali ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulipitia juujuu: mwenye maktaba anayetaka kila kitu kiwemo maktabani anamtakia nini mwenye nyumba? Storn alitoa kwa hiari, ndiyo, akiwa amezingirwa. Ni dhahiri kwamba waandishi wa 2012, ambao ulimwengu wao mpya ulikuwa umewapokonya wazee wa vijiji ufundi wa kusema, walijua kilichokuwa kimepotea.

Lau ingefasiriwa

Hakuna mchezo wa mfululizo huu uliotolewa rasmi kwa Kiswahili. Skyrim ilitamkwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kijapani na nyinginezo. Zoezi la kuwaza tafsiri ya Kiswahili lina faida yake hata kama halitapata mfadhili, kwa kuwa huonyesha wapi sarufi hii ingeuongezea ulimwengu huo kitu.

Heshima kwanza. Watu wa Morrowind huitana sera, muthsera na serjo kwa ngazi za heshima, na Kiswahili hakitapungukiwa na bwana, mheshimiwa na mwinyi. Ugumu upo katika kumwita mchezaji, ambaye kila siku hukumbushwa kwamba si wa hapa. Neno mgeni ni la ukarimu mno. Mgeni hupewa kiti. Mtu wa kuja, kama isemwavyo katika miji ya pwani, lina baridi inayotakiwa.

Kisha majina. Waargonia, watu wenye magamba, mara nyingi huitwa kwa sentensi, na Kiingereza huziunganisha kwa vistari kwa taabu. Kiswahili kingesema Apelelezaye-Vinamasi-Vingi au Asimamaye-Majini-Mafupi, na urejeshi ungefanya kazi hiyo bila jasho. Lugha yenye akina Sikudhani, Siwatu na Sijaona haihitaji kufundishwa kwamba sentensi inaweza kuwa jina. Wakhajiit, watu wa umbo la paka, hujitaja kwa nafsi ya tatu, na wengi hudhani ni kichekesho cha kigeni. Lakini mama anayemwambia mwanawe kwamba mama amechoka ameshasema Kikhajiit.

Ugumu wa kweli ni joka. Neno lenyewe limekwishapita mikononi mwa wafasiri wa Biblia, na maana ya mnyama wa kutisha atokaye angani inakubalika. Ni ukubwa wa nyoka, na ukubwa katika Kiswahili unaweza kubeba hofu au dharau. Upatanisho wake huyumba. Kanuni ya uhai inataka joka amekuja. Umbo la ngeli linataka joka limekuja. Wasemaji hutumia yote mawili, na methali ya zimwi likujualo huonyesha upande ambao hadithi za kale zilielemea, kama ambavyo aya za mhadhara huu zimeyumba pia. Katika Skyrim kuyumba huko kungekuwa hoja. Paarthurnax alimtumikia Alduin katika maovu, akamgeuka, akawafundisha wanadamu matamko, na tangu hapo amekaa juu ya mlima akitafakari. Delphine na Esbern, mabaki ya kikosi cha wawinda majoka, humtaka shujaa amuue na hukataa kumsaidia mpaka afanye hivyo. Watawa wa mlimani, akiwamo Arngeir, humlinda. Mchezo humruhusu mchezaji aache jambo hilo bila kuamua milele.

Delphine angesema limeua, lina damu, haliaminiki. Arngeir angesema ameua, ametubu, anaaminika. Kiingereza kinaweza kuwatofautisha kwa kiwakilishi hapa na pale. Kiswahili kingewatofautisha katika kila kitenzi, kila kivumishi na kila kimilikishi, tangu sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini mchezo una sauti ya tatu isiyo ya mhusika yeyote, nayo ni ya orodha ya shughuli, ambayo kwa Kiingereza huandika amri ya maneno mawili tu: kitenzi na jina. Mfasiri hataweza kuuficha upande wake humo. Akiandika Liue, amemkubali Delphine kabla mchezaji hajapanda mlima. Na kwa kuwa jina la pekee la mwenye uhai hudai kiambishi chake, yamkini ataandika Muue Paarthurnax, na silabi ya kwanza ya amri hiyo itakuwa imemhesabu pamoja na watu.